Bihogo wa Darasa la Tano

Jumatatu asubuhi direkta Protais, mkuu wa shule yetu, aliniletea kibao. Kilikuwa kipande cha ubao wa sanduku la sabuni, kimetobolewa na kutiwa kamba, kimeandikwa kwa wino mweusi: NIMESEMA LUGHA YA NYUMBANI. Mtoto yeyote atakayesikika akisema Kifuliiru, Kivira, Kibembe, Kirundi au Kinyamulenge ndani ya ua wa shule avalishwe shingoni, akivae mpaka amkamate mwenzake. Darasani ni Kifaransa, na Kiswahili pale Kifaransa kinapogoma.

"Sababu?" nikamuuliza.

"Sababu ni vita, Madamu Pudentienne. Hizi lugha njo zinaleta vita. Bazazi banaanza kuulizana: huyu ni wa nani, huyu ametoka wapi. Tufunge midomo, tutapona."

Nikacheka, na kicheko changu hakikuwa kizuri. Mimi nina mdomo, mtaa mzima wa Mulongwe, hapa Uvira, unajua. "Direkta, hizo bunduki zinazotukimbiza kila mwezi, umesikia hata moja ikisema Kifuliiru?"

"Madamu, tafazali. Niko na watoto sita."

Basi hapo ungefanyaje? Protais hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwoga aliyepewa funguo za shule. Nikachukua kibao chake, nikakisukuma ndani ya mkoba chini ya chaki, nikaingia darasa la tano nikiwa nimewaka.

Mwaka ule ulikuwa 2001, katikati ya vita vya pili vya Kongo. Nilikuwa na watoto arobaini na watatu na madawati tisa, maana mengine askari waliolala shuleni waliyapikia maharage. Programu ya wiki ilisema tufundishe kueleza kitu kwa maandishi. Watoto wangu walijua maelezo ya aina moja tu, yale ya kitabu: nyumba yangu ni nzuri, ina bomba la moshi, ina bustani ya maua. Bomba la moshi, Uvira! Hata anayeandika hajawahi kuliona, na mwalimu wake pia hajaliona.

"Wiki hii kitabu kimelala," nikawaambia. "Kila mmoja atatuletea kitu kimoja cha kwao. Hatakitaja jina. Atakieleza kwa lugha ya mama yake mpaka tukione. Halafu tutakiandika, kwanza kwa lugha hiyo, kisha kwa Kiswahili."

Geneviève, shefu, kiranja wa darasa, mtoto wa Kifuliiru mwenye akili na ulimi kama wangu, akainua mkono. "Madamu, na kibao?"

Habari zilikuwa zimeshafika. Shuleni hakuna siri.

"Kibao kiko kwa mukoba yangu. Kama kuna muntu wa kukivaa, ni minye wa kwanza. Haya, nani anaanza?"

Akaanza Niyonzima, mtoto wa bondeni, wa Luberizi, kwa Kirundi. Akatueleza kitu chenye mdomo mpana kisichosema neno, kinachopigwa tumboni kila siku na bado kinakaa mlangoni. Wote wakapiga kelele: kinu! Nikamwambia vizuri, lakini kinu cha mama yako na si cha jirani, tutakijuaje? Akafikiri, akasema kina ufa upande mmoja, na mama yake ameufunga kwa waya wa baiskeli. Hapo nikapiga makofi. "Mumesikia? Hakusema kinu kizuri. Kizuri ni neno la uvivu. Alisema waya wa baiskeli."

Jumanne Kaneza alitueleza ndagala, dagaa wa ziwa letu, zilizoanikwa kwenye mchanga, na jinsi shangazi yake anavyozigeuza kwa miguu huku anasimulia umbea. Tulicheka hadi Protais akachungulia dirishani. Nikampungia mkono. Akaondoka.

Ni mtoto mmoja tu ambaye hakucheka. Uwituze alikaa benchi la mwisho, peke yake, tangu Januari. Alikuwa Munyamulenge wa Rurambo, juu kule kwa wachungaji. Alishuka na babu yake, Mzee Muhire, baada ya kijiji chao kuchomwa, na tangu siku hiyo sikusikia kwake neno zaidi ya "niko" nilipoita majina. Watoto walikuwa wamehama benchi lake mmoja mmoja, na wa kwanza kuhama alikuwa Geneviève. Kaka yake Geneviève alipanda njia ya Lemera mwaka mmoja kabla, akarudishwa ndani ya blanketi. Tangu hapo mtu yeyote wa milimani, kwa Geneviève, alikuwa ndiye aliyemuua. Niliyajua yote hayo. Nikajiambia watazoeana wenyewe. Huo ulikuwa uvivu wangu mimi, na ninausema hapa ili nisije nikajifanya malaika.

Jumatano Uwituze hakuja, na zamu ilikuwa ya Geneviève. Baba yake, Papa Sévère, ndiye mchinjaji wa soko la Mulongwe. Akasimama mbele, mikono nyuma, akatueleza kwa Kifuliiru kitu kilichofungwa nyuma ya nyumba yao tangu Jumapili. Kina rangi ya maharage yaliyokaa sana motoni, nyekundu inayokwenda kwenye weusi. Kina doa jeupe usoni, dogo, la kufunikwa na dole gumba. Kina pembe moja tu, ya kulia. Na kikinywa maji, kinakunja goti la mguu wa mbele wa kushoto kama mama mzee anayepiga magoti kanisani.

"Ng'ombe!" darasa zima.

"Ndiyo," akasema, na uso ukamshuka kidogo. "Baaskari njo balimuleta. Siku ya posho, Jumamosi, Papa atamuchinja. Nusu ya nyama inaenda kambi."

Nilimsifu kwa lile goti. Niliandika maelezo yake ubaoni kwa lugha mbili, wakanakili, tukafuta. Sikujua nimeandika nini.

Alhamisi Uwituze alirudi, na mimi, kwa kichwa changu kigumu, nikamwita mbele. Alikuja polepole. Alipofika akageuka, akatupa mgongo, akatazama ukuta.

Nikawaka. "Weye Uwituze! Unamupa nani mugongo? Minye niko mama yako wa hapa, na unanipa mugongo?"

Hakugeuka. Akaongea na ukuta, kwa Kiswahili chake kilichokatika katika. "Madamu, pole. Kwetu iko vile. Muntu akipoteza ng'ombe, akaenda kwa wenye wamemuona, anabapa mugongo kwanza. Anamueleza bila kumuangalia. Ili basiseme ameiba alama kwa macho."

Eh! Miaka ishirini na miwili ninafundisha maelezo, na sikuwahi kusikia somo fupi namna hiyo. "Nisamehe, mwanangu," nikasema mbele ya wote. "Baki vile vile. Tueleze."

Akavuta pumzi. "Inka yacu ni bihogo," akaanza, na sauti yake ilikuwa nene kuliko nilivyodhani. "Ifite ihembe rimwe." Akaendelea bila kusimama, kama mtu aliyekuwa amebeba mzigo na sasa ameonyeshwa pa kuutua.

Kirundi na lugha yake ni majirani, kwa hiyo Niyonzima akawa anatufasiria. "Ng'ombe yetu ni bihogo, nyekundu ya kwenda kwa weusi. Iko na pembe moja. Usoni iko na alama nyeupe, kadogo. Inakunywa maji, inakunja..." Akaniangalia. "Madamu, ni ile ya kwao Geneviève."

Geneviève akaruka juu. "Mwongo! Amesoma kwa ubao!"

"Ubao ulifutwa," nikasema. "Na jana hakuwa hapa."

Uwituze bado alikuwa anatazama ukuta. "Sikio la kushoto," akasema, "ndani, si inje, iko na mikato mbili. Babu alikata mwenyewe. Baaskari walimunyanganya ku barrière ya njiani, siku ya posho yenye ilipita. Tulikuwa na tisa. Ile njo ilibakia. Babu anasema hatupandi Rurambo mikono mitupu. Tangu ng'ombe alikamatwa, Babu hakuli. Analala, anaangalia mabati."

Sasa mambo yalikuwa wazi kwetu sote, hata kwa wale wanaolalaga darasani. Ng'ombe wa Mzee Muhire alikuwa nyuma ya nyumba ya Papa Sévère, na Jumamosi asubuhi atakuwa nyama. Mzee naye, bila ng'ombe yule, hatanyanyuka tena. Hasira ilinipanda mpaka kwenye masikio. Niliwaruhusu watoto waende kabla ya kengele.

Ijumaa Geneviève alinisubiri mlangoni, macho mekundu.

"Madamu, nimeangalia sikio."

"Na?"

"Mikato mbili." Akafuta pua kwa mkono wa shati. "Lakini kule kwao njo balimuua kaka yangu."

"Ni Uwituze alimuua?"

"Hapana."

"Babu yake?"

"Sijue."

"Ng'ombe njo alimuua?"

Kicheko kikamtoka katikati ya machozi, akakasirika kwamba amecheka. "Madamu, usinichekeshe! Ninamulilia kaka yangu."

"Na minye ninamulilia pia. Nilimufundisha kusoma, ulisahau? Mulilie hata miaka kumi. Lakini kesho weye utafanya nini?"

Mchana nilikwenda kwa baba yake. Papa Sévère alinikaribisha kwenye kiti, akasikiliza, akatazama nyuma ya nyumba pale Bihogo alipokuwa anatafuna majani ya ndizi bila wasiwasi.

"Madamu, unataka nifanye nini? Nikimurudisha, banachinja minye."

"Usimurudishe. Kesho ukishika kisu, ngoja kidogo tu. Sikiliza, kisha fanya kile roho yako inakuambia."

"Roho yangu inaniambia nikimbilie Bujumbura."

"Iambie ingoje mpaka kesho saa nne."

Jumamosi nilifika saa mbili na watoto arobaini, kila mmoja na daftari lake kifuani. Wawili walizuiwa na mama zao, na sikuwalaumu. Mzee Muhire alikuja nyuma, anajikokota kwa fimbo. Geneviève sikumwona. Uani palikuwa na sajini na askari wawili, na Papa Sévère ananoa kisu polepole kuliko kawaida. Kwa kuwa ua ule umepakana na soko, wauza majani ya sombe na wauza ndagala walikuwa wamejaa kwenye uzio kabla hata sijafungua mdomo.

"Afande, jambo," nikasema. "Huyu ng'ombe ni wa nani?"

"Wa kambi. Tulimununua. Kwani weye ni nani?"

"Mwalimu wa darasa la tano. Tuko kwa somo la kueleza. Kama ni wa kwenu, hakuna shida. Mupe mugongo, utuambie anafanana namna gani."

Alicheka, akawaangalia wenzake. Wanawake walikuwa wanamtazama, na mwanamume mwenye cheo hapendi kukataa kitu kidogo mbele ya wanawake. Akageuka. "Ni mwekundu. Iko na pembe mbili. Iko na mukia."

"Mukia!" mama mmoja wa ndagala akapiga kelele. "Yoo! Hata imbwa yangu iko na mukia!"

Soko likalipuka. Sajini akageuka, akaona ile pembe moja, na uso wake ukabadilika. Akainua bunduki. Niliuona mdomo wa bunduki, mdogo, mweusi, umenielekea tumboni. Sikurudi nyuma.

"Uwituze," nikaita, na sauti ilitoka kavu. "Kuja, mwanangu. Tueleze."

Akaja. Akampa ng'ombe mgongo, na kwa kufanya hivyo akawa ameutazama uso wa sajini moja kwa moja. Akaanza. "Inka yacu ni bihogo." Alisema kwa lugha ile ambayo kwa miezi mitano alikuwa ameificha kama ugonjwa, katikati ya soko ambalo watu wake walipita wameinama. Hakuinama. Niyonzima akafungua mdomo afasirie, na kabla hajasema, sauti nyingine ikatoka mlangoni mwa nyumba.

Ilikuwa ya Geneviève. Alikuwa amesimama na daftari lake, anasoma kwa Kifuliiru, kwa nguvu, kuwaelekea wanawake wa uzioni. Uwituze anasema rangi, Geneviève anasoma rangi. Huyu doa, yule doa. Huyu pembe, yule pembe. Waliokuwa hawajui lugha ya mmoja walijua ya mwingine, na manung'uniko yakaanza kutembea sokoni kutoka meza hadi meza. Walipofika kwenye sikio, Papa Sévère mwenyewe akalikunjua, akaonyesha mikato miwili. Kisha akachota maji kwa beseni, akaliweka chini.

Bihogo akainamisha kichwa. Akakunja goti la kushoto. Akanywa.

Nakwambia, zile kelele zilivuka ziwa. Sitazisahau.

Papa Sévère alikipangusa kisu kwenye suruali, akakirudisha kwenye ala. Kisha akamgeukia sajini. "Afande, baba yangu aliniachia hii kazi na mwiko mumoja. Munyama ambaye mwenyewe amesimama mbele ya batu akamueleza, simuchinji. Kama unataka nyama, chinja weye."

Sajini alimtazama, akanitazama, akawatazama wale wamama wa sombe waliokuwa sasa wameshaingia uani na visu vyao vya kukatia majani. Akashusha bunduki. "Mutaniona siku ya kwanza," akasema, yaani Jumatatu. Wakaondoka.

Mzee Muhire akasogea kwa ng'ombe wake. Aliweka kiganja juu ya lile doa jeupe, akakiacha hapo, machozi yanamtiririka kwenye ndevu. Hatukumpa nafasi ya kushukuru. "Mzee, panda sasa hivi," nikamwambia. "Mtoto abaki kwangu amalize mwaka." Saa sita alikuwa ameshapita nje ya mji, anamfuata Bihogo njia ya juu, na Mama Geneviève alikuwa amemfungia ugali kwenye majani ya ndizi. Mama yule yule, ndiyo, aliyepokea blanketi. Alimpa mzee bila kumwangalia usoni, lakini alimpa.

Jumatatu walikuja kweli. Walikuwa sita, wamebeba kidumu cha petroli. Sajini alitaka madaftari yote ya darasa la tano, kwa sababu karatasi zile, alisema, zinatangaza kwamba askari ni wezi.

Protais alikuwa kijivu. "Afande, ni madaftari ya watoto," akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Alipigwa kitako cha bunduki begani, akakaa chini. Lakini alisema, na toka siku hiyo ninamwita direkta bila kubana pua.

Wakayarundika uani: kinu cha mama Niyonzima, ndagala za shangazi Kaneza, vitu arobaini na vitatu vya nyumba arobaini na tatu. Wakamwaga petroli, wakawasha. Watoto wa darasa la kwanza walilia. Wangu hawakulia, walisimama tu wanatazama. Hasira yangu ilikuwa imefika mahali ambapo inakuwa baridi kabisa. Nikafungua mkoba, nikatoa kibao na kamba yake.

"Mumesahau hii," nikamwambia sajini, nikakitupa katikati ya moto. "Nayo iko na maandishi."

Hakuelewa. Protais alielewa. Alikitazama kikishika moto, ameshika bega lake.

Walipoondoka tuliingia darasani. Kwa mazoea yangu ya miaka yote nikasema, "Fungueni madaftari," halafu nikasimama pale na chaki mkononi, mjinga kabisa. Mikono ya watoto arobaini na watatu ilikuwa mitupu juu ya madawati. Nilitaka kusema samahani, ni mimi nimewaunguzia madaftari kwa mdomo wangu huu.

Geneviève akasimama. Hakuniomba ruhusa. Alikuja mbele, akatupa mgongo, akatazama ukuta.

"Inka yacu ni bihogo," akasema.

Aliyatamka maneno yale Kifuliiru-Kifuliiru, yamepinda huku na huku. Akaendelea na pembe, akakwama, akarudi mwanzo. Kutoka benchi la mwisho Uwituze akapaza sauti, bila kuinua mkono, bila adabu yoyote, kama mtoto aliye nyumbani kwao. "Hapana! Si vile. Sema tena."

Nyuma ya dirisha moshi ulikuwa bado unapanda. Geneviève akakaza mabega, akaanza upya.

"Inka yacu," akasema. Ng'ombe wetu.